Kisanduku cha Hewa

Mimi ni mpiga picha, lakini si wa harusi. Napiga picha za ndani ya watu. Nimekaa miaka ishirini na sita katika chumba kisicho na dirisha, mimi na ile mashine ya duara ambayo watu huiita sitii skani, na wagonjwa wamenibatiza Mama Picha. Wanasema nina mdomo. Ni kweli ninao, na nimewapa haki yao wote waliochelewa, waliogoma kuvua hereni, na madaktari wanaoandika maombi utadhani kuku kapita kwenye karatasi. Siku moja tu mdomo huu ulitakiwa kufunguka, ukagoma. Siku hiyo nitaifikia. Kwanza nimseme Mwalimu, maana habari hii ni yake.

Mwalimu alikuja hospitalini kwetu akiwa hajafika arobaini, mwembamba, shati limenyooshwa pasi hata mikunjo inakata. Alikuwa amefundisha hesabu sekondari miaka kumi na miwili, akajisomea kompyuta jioni baada ya vipindi, hospitali ikamchukua awe fundi wake. Ualimu haukumtoka. Ukimuuliza mbona printa haitoi karatasi, anakuanzishia somo. Nilikuwa namwambia, "Mwalimu, mimi nataka karatasi, sitaki cheti." Anacheka, anafuta miwani kwa pindo la shati, halafu anaendelea pale pale alipoishia.

Shati hilo lilishonwa na dada yake. Mashati yake yote. Wazazi wao walifariki yeye akiwa darasa la tatu na dada ana miaka kumi na saba, na huyo dada akakaa kwenye cherehani akamsomesha mpaka chuo. Hakuolewa. Alisema wachumba walikuja, wakamwona mtoto amekaa mlangoni na daftari, wakakumbuka kwamba wana safari. Alilisema hilo akicheka. Mwalimu hakuwa anacheka.

Sasa, mashine yangu ilikuwa na kompyuta yake ya kuonyeshea picha, na mwaka ule ikafa. Waliotuuzia wakasema nyingine itachukua mwaka, labda zaidi. Jamani! Mashine ni nzima, inapiga, inahifadhi mafaili yake vizuri, ila hakuna pa kuyatazamia. Mwalimu akasema, "Nipeni wiki tatu," akaanza kuandika programu yake mwenyewe, kwenye meza ya kona chumbani kwangu. Mimi nilimsaidia kwa kumkaripia ale.

Ndipo nilipojifunza kazi yangu upya. Alinieleza kwamba picha ni vidoa vidogo vidogo, pikseli, na kila pikseli ndani ya faili ni namba tu. Maji ni sifuri. Mfupa unapanda mpaka elfu moja na zaidi. Hewa inashuka chini ya sifuri, mpaka hasi elfu moja. Na mapafu, kwa kuwa yamejaa hewa, karibu yote yanakaa huko chini kwenye hasi. Akanichorea mstari wa namba nyuma ya fomu ya maombi, sifuri katikati, akaniuliza nimeelewa au arudie.

"Lakini kompyuta haijui hasi mpaka uiambie," akasema. "Mwanzoni mwa kila faili pameandikwa kama namba zake zina alama ya hasi au hazina. Ukizisoma zenye alama kana kwamba hazina, hasi elfu moja inageuka kuwa elfu sitini na nne na ushee."

"Yaani hewa inashinda mfupa?"

"Inaushinda mbali. Itawaka nyeupe pepepe."

Alilijua hilo. Nataka mshike hapo: alilijua kuliko mtu yeyote kwenye jengo lile. Ila alikuwa ameanza na picha za eksirei ya kawaida, ambazo namba zake hazina alama, na sehemu ya kusoma hasi alipanga kuiandika wiki ya tatu. Wiki ya pili, Alhamisi asubuhi, wakatuletea fundi wa mapaa aliyeanguka kutoka ghorofa ya pili.

Nikampiga picha ya kichwa. Daktari wa upasuaji kasimama nyuma yetu na glavu mkononi, na kwenye kioo kichwa kimezungukwa na weupe unaoumiza macho, maana hewa yote ya pembeni imegeuka elfu sitini na nne. "Hiki nini, taa za lori?" daktari akafoka. "Mtu anakufa hapa!" Mwalimu akakaa, akaandika mstari mmoja tu: namba yoyote iliyozidi elfu thelathini na mbili, ifanye sifuri. Kwenye programu ile sifuri ndiyo ilikuwa weusi wa mwisho, chini yake hapakuwa na kitu. Weupe ukatoweka. Ubongo ukaonekana, na damu ilipojikusanya ikaonekana. Ubongo wenyewe uko juu ya sifuri, kwa hiyo kwenye kichwa kile hakikuharibika kitu. Fundi wa mapaa yu hai mpaka leo, na akinikuta njiani hunishika mkono hata nichoke.

"Hiki ni kiraka tu," Mwalimu aliniambia tukiwa tunapumua. "Jumatatu nitaandika kama inavyotakiwa."

Jumatatu kompyuta za duka la dawa zikazimika zote. Jumanne ikawa zamu ya maabara. Wiki iliyofuata mkuu wa hospitali akaja na wageni akawaonyesha programu, akampiga Mwalimu mgongoni mbele yao. Picha za vifua zikawa zinatoka na mapafu meusi, hayana hata vumbi. Daktari bingwa wa kusoma picha alikuwa amehama miaka miwili nyuma na nafasi yake haijajazwa, kwa hiyo aliyekuwa anazisoma ni daktari wa wodi, na daktari wa wodi alifurahi. Alisema hajawahi kuona picha safi namna ile. Nani angebisha? Kiraka kikakaa, na Mwalimu, kwa shughuli zilivyomwandama, akakisahau.

Na hapa naingia mimi. Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, napiga picha ya chupa ya maji. Ndiyo kipimo cha mashine. Naweka kishale cha kompyuta kwenye maji, nasoma namba, naiandika kwenye fomu, kisanduku cha kwanza. Naweka kishale kwenye hewa pembeni ya chupa, nasoma, naandika kisanduku cha pili. Maji yawe karibu na sifuri, hewa iwe karibu na hasi elfu moja. Ni kazi ya dakika nne. Lakini miaka ishirini na zaidi hewa haijawahi kunisumbua, na foleni nje inakohoa, basi nikawa napima maji tu, na kisanduku cha hewa nakijaza kwa mazoea. Hasi elfu moja. Sahihi yangu. Mgonjwa wa kwanza aingie.

Kwenye programu ya Mwalimu, kama ningeweka kishale kwenye hewa hata asubuhi moja tu, ningesoma sifuri. Na mimi na ukali wangu ningepiga kelele wangenisikia mpaka getini. Sikuweka. Nawaambia sasa ili mjue mapema.

Mwezi wa tatu wa programu ile, Mwalimu akamleta dada yake. Mwanamke mfupi, mnene kiasi, futi ya kupimia shingoni, alisahau kuivua. Kikohozi miezi miwili. Nilimwambia avue futi, akanijibu, "Na wewe vua hiyo miwani, tuone nani ataumia zaidi." Nikampenda pale pale. Nikampiga. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika kiti changu. Picha ikatoka: mapafu mawili meusi, safi kabisa. Akashusha pumzi mpaka nikaisikia shingoni kwangu.

"Vumbi la vitambaa," akasema daktari wa wodi, akamwandikia dawa ya maji.

"Sikukwambia?" dada akamwambia mdogo wake. "Khaki za shule hizi zitaniua." Wakaondoka wanataniana.

Ikapita mwaka na miezi miwili. Aliporudi, gauni lilikuwa linamning'inia, na kwenye leso yake kulikuwa na damu. Safari hii hakunitania. Hata kwa programu ile ile, kwenye pafu la kulia kulikuwa na donge jeupe, limeshakuwa gumu, limeshapanda juu ya sifuri. Na lilikuwa limezaa mengine.

Mwalimu alikaa kwenye meza yake ya kona, akafungua picha ya zamani ya dada ili alinganishe. Nyeusi, safi. Akaweka kishale kwenye pafu. Sifuri. Akakisogeza. Sifuri. Akakisogeza tena na tena, juu, chini, pembeni, na kila mahali sifuri.

"Mama Picha," akasema polepole. "Mapafu hayawezi kuwa sifuri. Sifuri ni maji."

Akafungua programu, akashuka mpaka kwenye ule mstari, akautazama kama mtu aliyekuta nyoka kwenye kiatu chake. Akaufuta. Akaandika unaotakiwa: soma alama kwanza, na penye hasi, iache hasi. Hakutumia hata dakika kumi. Akafungua tena picha ile ile ya zamani, faili lile lile, maana mafaili yenyewe hayakuguswa. Mapafu yakawa na mishipa midogo na vivuli vyake vyote. Na kwenye pafu la kulia, palipokuwa na weusi mtupu, kulikuwa na kiwingu cha duara, saizi ya kifungo cha shati. Akaweka kishale. Hasi mia sita.

Kilikuwepo. Mwaka na miezi miwili kilikuwepo kwenye faili, peke yake, hakijazaa, na sisi tulikipaka rangi nyeusi tukampa dada dawa ya kikohozi.

Mwalimu alilia palepale mbele yangu, mtu mzima, miwani mkononi. Mimi nilisimama. Nilishajua. Fomu za kipimo zilikuwa kwenye rafu, mkono wangu ungeweza kuzifikia, fomu mia tatu na zaidi, na kila moja ina sahihi yangu. Nikasema, "Pole, Mwalimu." Hilo tu.

Alasiri hiyo hiyo akaenda kwa mkuu na orodha. Watu mia mbili na kumi na mmoja wengine walikuwa wamepigwa picha za kifua kwa programu ile. Mkuu akasoma, akakunja karatasi, akasema kosa limesharekebishwa, sasa tusiwatie watu hofu, tungoje kwanza aongee na wa juu yake. Mwalimu akarudi akaniomba nimsindikize kwa dada. Alisema akienda peke yake atashindwa kusema.

Dada alikuwa kwenye cherehani. Chumba kimoja, kitanda nyuma ya pazia, sare za shule zimetundikwa mpaka darini, nyuzi zimepangwa ukutani kwa rangi. Mwalimu hakukaa. Alisema yote wima, kwa mpangilio, kama anatoa somo, kiwingu, kiraka, hasi na sifuri. Dada hakuacha kukanyaga cherehani mpaka mdogo wake aliposema saizi ya kifungo cha shati.

"Kwa hiyo mimi nilikuwa naumwa, na kompyuta yako ikasema ni mzima."

"Ndiyo, dada."

"Na pale kingetolewa?"

"Daktari anasema pale kingetolewa."

Akakata uzi kwa meno. Akaigeuza ile sare, akautazama mshono wake wa ndani.

"Wengine wako wangapi?"

"Mia mbili na kumi na mmoja."

"Umeshawaambia?"

"Mkuu kasema tungoje."

"Ala!" Sauti yake ikapanda, akakohoa, akajikaza akaendelea. "Nimekusomesha hesabu kwa mgongo huu, ndiyo uje kumngoja mkuu akwambie lini uwahesabu watu? Kesho asubuhi unawapigia. Mmoja mmoja. Unasikia?"

"Nasikia, dada."

Halafu akanitazama mimi. Hakunitazama kwa ubaya. Aliuliza tu, kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Na hakukuwa na mtu mwingine? Mtu wa kuangalia kama hiyo kompyuta inasema kweli? Mimi nikishona, kuna wa kukagua."

Hiyo ndiyo siku niliyosema nitaifikia. Mwalimu akanigeukia. Nilimwona kwa pembe ya jicho. Mimi nikawa natazama nyuzi ukutani: nyekundu, kijani, bluu ya shule, bluu ya shule, bluu ya shule. Mdomo wangu, huu ambao hospitali nzima inauogopa, ulikauka kabisa.

"Hakuna, dada," Mwalimu akasema. "Ni mimi peke yangu."

Dada akatikisa kichwa, akaweka mguu kwenye kikanyagio. Hakumsamehe siku ile. Siku mbili hakuongea naye. Siku ya tatu akamtumia ujumbe mfupi, anauliza amefika mtu wa ngapi.

Tulipiga simu siku sita, mimi na yeye, chumbani kwangu, kila tukipata nafasi kati ya mgonjwa na mgonjwa. Mkuu alipojua tulikuwa tumeshafika mtu wa themanini, akaona bora aseme ni wazo lake. Mwalimu alikuwa anazisoma upya zile picha za zamani, daktari bingwa akaazimwa kutoka hospitali nyingine. Watu tisa walikuwa na kitu. Wanne walikatwa wakapona. Watatu walikuwa wamechelewa, kama dada. Na kwa wawili simu ilipokelewa na watoto wao. Mmoja aliuliza, "Mnamtaka mama wa nini tena?" Mwalimu alimweleza. Alimweleza kila kitu, na jina lake akampa, na kijana yule alimtukana mpaka salio likaisha, na Mwalimu akampigia tena ili amalizie.

Dada alitutoka mwezi wa nne baada ya hapo. Mwisho wake alikuwa amelala nyuma ya pazia na mdogo wake amekaa kwenye kiti cha cherehani. Alimwomba amwonyeshe ile picha. Mwalimu akaifungua kwenye kompyuta ya mkononi, akamwekea kidole. "Ndiyo haka?" dada akauliza. "Kadogo hivi?" Akakatazama sana. Kisha akamwambia mashati mawili yako tayari kwenye kabati, la tatu halina vifungo, atafute mtu. Siku mbili baadaye tulimzika.

Kamati ikaundwa. Wakaomba fomu za kipimo cha asubuhi, nikawapa faili zima. Nililala usiku mmoja na nusu wiki nzima. Ripoti ikatoka, na ndani yake mna maelezo ya Mwalimu, kwa mkono wake mwenyewe, kwamba kipimo cha asubuhi kisingeweza kugundua kosa lile. Mtu ambaye alikuwa hawezi kusema printa ni nzima kama ni mbovu! Walimwachisha kazi. Mimi nikapewa barua ya pongezi kwa kusaidia kupiga simu. Niliichana chooni.

Mwaka mzima nilikula na kidonda hicho. Wiki iliyopita nikapiga moyo konde, nikaenda kwenye shule anakofundisha sasa. Nilimkuta darasani, kachora mstari wa namba ubaoni kutoka ukuta hadi ukuta, sifuri katikati. Kengele ilipolia wanafunzi wakatoka, nikakaa kwenye dawati la mbele. Shati lake halikuwa na vifungo. Kalifunga kwa pini.

Nikasema yote. Kisanduku, mazoea, asubuhi mia tatu na zaidi.

Alifuta miwani kwa pindo la shati. "Najua, Mama Picha."

"Unajua nini?"

"Nilizitazama fomu zako siku ile ile, kabla hatujaenda kwa dada. Hewa haiji hasi elfu moja kamili kila siku. Inacheza, mbili huku, tatu huku. Zako zote zilikuwa elfu kamili."

"Sasa mbona ulimwambia dada ni wewe peke yako?"

Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Alipouliza, nilikugeukia," akasema. "Nilikungoja useme. Nilingoja sana, Mama Picha. Halafu nikaona unatazama nyuzi."

Akaanza kufuta ubao, kuanzia upande wa hasi. Nikamuuliza kama dada angenisamehe. Akasema hajui, lakini dada angependa kunisikia nikisema. Nikamwomba lile shati, nikalichukua juzi, nikalitia vifungo mwenyewe, mkono wangu si fundi, kimoja kimekaa upande.

Barua kwa kamati nimeiandika leo asubuhi, na nakala kwa wale watoto wawili waliopokea simu za mama na baba zao. Nimeiandika baada ya kupiga chupa. Maji, moja. Hewa, hasi mia tisa tisini na nane. Nimeangalia.